Gitaa la fundi redio

Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha zikaanza kuwafikia wakulima, Masasi na Newala hununua: mabati, pikipiki, magodoro, sabufa. Magitaa ya umeme nayo hutafutwa, hasa na vijana wa kwaya, na umbo linalowatoa macho ni lile lile: pembe mbili zilizochongoka, pikapu tatu za kunasa mlio wa nyuzi, mkono wa kutetemesha sauti. Hiyo ni Stratocaster ya Fender, iliyotoka mwaka 1954. Mpya iliyoundwa Marekani mara nyingi inazidi dola 1,500 hukohuko kwao, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mwenye mikorosho ya ekari mbili, bei hiyo ni matusi.

Ajabu ni kwamba aliyelibuni gitaa hilo hakujua kupiga gitaa. Leo Fender alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, wanamuziki wakawa wanamletea amplifaya zilizoharibika, naye akaanza kuunda zake, kisha magitaa. La mwaka 1950, ambalo baadaye liliitwa Telecaster, aliliunda kwa akili ya karakana: mwili wa ubao mzito usio na uwazi, shingo iliyokazwa kwa skrubu nne badala ya kugundishwa, nyaya chache zinazofikiwa kwa bisibisi. Kikifa kitu, toa, weka kingine. Ndiyo maana magitaa ya ukoo huu, hata ya bei ya chini yaliyopita mikono kadhaa, hayamshindi fundi redio wa sokoni. Karibu kila kitu ndani yake kinatengenezeka, isipokuwa shingo iliyojisokota. Kwa hiyo nunua shingo, na jina lililoandikwa juu yake usilihesabu sana.

Jina lenyewe hudanganya. Maandishi ya Fender hubandikwa kirahisi juu ya gitaa lolote. Afadhali jina dogo lililo la kweli. Squier ni mtoto halali wa Fender: mwaka 1982, baada ya Wajapani kama Tokai na Greco kuiga magitaa ya Kimarekani vizuri kupita kiasi, kampuni iliamua kuunda ya kwake hukohuko Japani chini ya jina hilo. Siku hizi Squier nyingi hutoka Indonesia na China, na hazina aibu. Lakini mimi, nikiulizwa, nitasema Yamaha Pacifica. Zilianza 1990, na ile ya namba 112 ina pikapu mbili nyembamba pamoja na moja nene ya koili mbili karibu na daraja. Nyembamba zinatoa ile sauti safi, kali, inayotakiwa na solo ya dansi. Nene inanyamazisha mvumo ukipiga chini ya taa za tyubu za ukumbini. Halafu watu hawaipapatikii, kwa hiyo bei ya mtumba inazungumzika.

Sasa shingo. Funga jicho moja, tazama kutoka kichwani kuelekea mwilini, kama seremala anavyokagua ubao. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie katikati: pawe na upenyo wa unene wa kadi. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma. Upenyo ukiwa mkubwa, nyuzi zimeivuta mbele. Yote mawili hurekebishwa kwa elenki, kwa kuzungusha nati ya chuma kilichopita ndani ya shingo, robo mzunguko tu kisha kungoja. Nati ikiwa imeliwa au imefika mwisho, mrudishie muuzaji gitaa lake. Shingo iliyojisokota, upande mmoja juu mwingine chini, haina dawa. Kisha piga kila freti ya kila uzi, polepole. Muuzaji akikuharakisha, hiyo nayo ni taarifa.

Ubao wa juu wa shingo usikusumbue. Katika magitaa mengi ni mti wa jenasi ya Dalbergia, ndugu wa mpingo wetu. Januari 2017 mkataba wa CITES uliibana biashara ya jenasi nzima, viwanda kadhaa vikahamia miti mingine, na vyombo vya muziki vilivyokwisha kuundwa vikalegezewa masharti mwishoni mwa 2019. Kwa sikio la ibada ya Jumapili tofauti haipo.

Kwa fundi, shida ni moja. Kontroli ya volyumu ikikwaruza, ataweka aliyonayo, na ya redio mara nyingi ni kilo-omu 10 au 50. Gitaa litalia, ila ukali wote utakuwa umemezwa. Pikapu nyembamba zinataka 250. Mwandikie kwenye karatasi.

Wapo watakaosema gitaa la kanisa linatosha. Wazee wa dansi wanalijua jibu. Bendi nyingi zilikuwa za mwenye vyombo: NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na hata Super Matimila aliyovuma nayo Remmy Ongala ilipata jina kutokana na mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Mpigaji akigombana na mwenye vyombo, anaondoka na vidole vyake tu. La kanisa nalo linafungiwa stoo hadi siku ya mazoezi, na vidole havifundishwi kwa saa mbili za Alhamisi.

Fedha ikibaki, inakuja amplifaya, na hapa ndipo wengi wanaungua. Gitaa lenyewe halijali umeme wa nchi gani, amplifaya inajali. Ya mtumba kutoka Japani imeundwa kwa volti 100, na ukutani kwetu kuna 230. Geuza nyuma, soma bamba. Ikiwa ni ya volti 100 na muuzaji hana transfoma ya kushusha umeme ya kukupa pamoja nayo, chukua gitaa, amplifaya umwachie.