Kigoma: Ziwa, sokwe na historia vinavyosubiri wageni

WATANZANIA wengi wanapotajiwa utalii, fikra zao huelekea Serengeti, Ngorongoro, Mlima Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar. Ni wachache wanaokumbuka kwamba magharibi mwa nchi, mahali Reli ya Kati inapoishia, kuna mkoa wenye ziwa refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, makazi ya sokwe yanayojulikana dunia nzima, na mji uliokwisha kujulikana Ulaya kabla Dar es Salaam haijaanza kujengwa.

Mji huo ni Ujiji, ulioko kilometa chache kutoka Kigoma mjini. Wapelelezi wa Kiingereza, Richard Burton na John Speke, walifika hapo Februari 1858 wakifuata njia ambayo misafara ya biashara ilikwisha kuizoea. Njia hiyo, yenye urefu wa takriban kilometa 1,200, ilianzia Ujiji ikapita Tabora hadi Bagamoyo. Pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walipitishwa humo kwa miguu hadi pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Ni Ujiji pia ambako Henry Morton Stanley alimkuta Dk. David Livingstone mwaka 1871. Mwembe unaosemekana kuwashuhudia wawili hao umekwisha kufa, lakini miembe iliyotokana nao na mnara wa kumbukumbu vipo katika eneo la makumbusho. Hata hivyo, urithi mkubwa zaidi wa Ujiji ni watu wake. Wamanyema, Wabwari, Wajiji na Waha waliokutanishwa na biashara na uvuvi walijenga mji wa Waislamu wenye lugha na desturi za Kiswahili, mbali kabisa na bahari.

Kwa upande wa maumbile, Ziwa Tanganyika halina mfano barani Afrika. Lina urefu wa takriban kilometa 670 na kina kinachofikia meta 1,470, likishindwa kwa kina na Ziwa Baikal la Urusi pekee. Aidha, linakadiriwa kuwa na karibu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa nchi, bila kuhesabu barafu. Kutokana na umri wake wa mamilioni ya miaka, lina mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote.

Takriban kilometa 16 kaskazini mwa Kigoma iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambayo hufikiwa kwa boti. Hapo ndipo Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, alipoanza kuwachunguza sokwe Julai 1960. Katika mwaka huo huo aliwaona wakichomeka vijiti na majani katika kichuguu ili kuvua mchwa, jambo lililowalazimu wanasayansi kuacha kudai kuwa binadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza zana.

Kusini zaidi iko Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985 yenye kilometa za mraba 1,613. Watafiti wa Kijapani wamekuwa wakifuatilia sokwe wa huko tangu mwaka 1965. Humo mgeni hutembea kwa miguu msituni, chini ya kilele cha Nkungwe chenye meta 2,462.

Pamoja na utajiri huo, vivutio hivi vinakabiliwa na hatari. Gombe ni hifadhi ndogo mno, na ukataji wa miti kwa ajili ya mashamba na kuni uliifanya ibaki kama kisiwa cha msitu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1994 taasisi ya Goodall ilianzisha mpango wa kushirikiana na vijiji jirani katika kupanda miti na kuinua maisha ya wananchi.

Ziwa nalo linabadilika. Rutuba yake nyingi imo kwenye maji baridi ya chini, na pepo ndizo huipandisha juu kuwalisha mimea midogo inayoliwa na viumbe ambao ni chakula cha dagaa. Maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi na kuchanganyika kwake na ya chini hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa ziwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Ukiongeza uvuvi uliokithiri, ndipo inapoeleweka kwa nini Tanzania ilisitisha uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024, ingawa kwa familia zinazoishi kwa dagaa na migebuka miezi hiyo ilikuwa mirefu.

Kinachowapunguza wageni zaidi ni umbali. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 bado ni njia ndefu na ya taratibu, na mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora ulisainiwa Desemba 2022. Reli hiyo itakapokamilika safari itakuwa fupi zaidi. Lakini wageni watakuja kuona misitu, samaki na miji ya kale, si reli, na wajibu wa kuvihifadhi vitu hivyo hauwezi kungoja treni ifike.