Mwalimu Aliyekuwa Waziri: Maisha ya Farrokhroo Parsa wa Iran

Katika Teheran, mji mkuu wa Iran, Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo waliotoka Ufaransa walikuwa na shule ya wasichana iliyoitwa Jeanne d'Arc. Katika nchi ile Wakristu ni wachache mno, nayo shule ilipokea hata watoto wa Waislamu. Miongoni mwa walimu wake alikuwako mwanamke Mwislamu, jina lake Farrokhroo Parsa. Alikuwa amesomea udaktari na kupata shahada yake. Lakini badala ya kukaa hospitalini alishika chaki, akawafundisha wasichana elimu ya mimea, wanyama na mwili wa mtu. Mmoja wa wanafunzi wake, Farah Diba, aliolewa na mfalme Mohammad Reza mwaka 1959, akawa malkia. Mwalimu mwenyewe akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yake. Mwaka 1980 akauawa kwa hukumu ya mahakama.

Yafaa kisa hiki kisomwe taratibu, wasomaji wapendwa, maana si kisa cha watakatifu upande huu na wakosefu upande ule.

Alizaliwa mwezi wa Machi 1922 katika Qom, mji wa mashehe wakubwa wa Kishia. Wazazi wake hawakukaa huko kwa kupenda. Mama yake, Fakhr-e Afaq, alikuwa mhariri wa gazeti la wanawake lililoitwa Jahan-e Zanan, maana yake Ulimwengu wa Wanawake. Alitaka wasichana wafundishwe shuleni kama ndugu zao wa kiume. Watu wa dini wakakasirika, gazeti likakatazwa, na mama yule akahamishwa pamoja na jamaa yake. Hivyo binti alizaliwa uhamishoni, na kosa lililowapeleka huko lilikuwa ni kutaka msichana ajue kusoma.

Farrokhroo alipokuwa na umri wa miaka 13, mfalme wa wakati ule, Reza Shah, aliwakataza wanawake wote kujifunika kichwa hadharani. Hiyo ilikuwa Januari 1936. Polisi waliwavua wanawake mitandio yao njiani, nao wengi wakaona ni afadhali kujifungia nyumbani kuliko kutoka vichwa wazi. Twasema wazi kwamba hiyo haikuwa heshima kwa mwanamke. Mwenye kuvuliwa nguo kwa nguvu na mwenye kuvikwa kwa nguvu wote wawili wameonewa, na Iran imeyaona yote mawili.

Wanawake wa Iran hawakuwa na haki ya kuchagua wabunge. Mwaka 1962 serikali ilipotaka kuwapa kura katika halmashauri za miji na mikoa, shehe mkubwa Ruhollah Khomeini alipinga kwa nguvu, na serikali ikarudi nyuma. Mwaka uliofuata mfalme akakata shauri, na wanawake wakapata haki ya kura. Katika uchaguzi wa 1963 wanawake 6 waliingia katika Bunge, naye mwalimu Parsa alikuwa mmoja wao. Mwaka 1965 akafanywa naibu wa waziri wa elimu. Mwezi wa Agosti 1968, waziri mkuu Amir-Abbas Hoveyda akamkabidhi wizara yenyewe.

Fikirini kazi hiyo. Iran ni nchi pana ya milima na majangwa, na katika vijiji vingi watu wazima hawakujua hata kuandika majina yao. Tangu mwaka 1963 serikali ilikuwa imeanza kuwatuma vijijini vijana waliomaliza masomo ya sekondari: badala ya kushika bunduki muda wote wa utumishi wao wa jeshi, walifundisha kusoma na kuandika. Baadaye wasichana nao walitumwa. Hata sheria za nyumba zilibadilika: kwa sheria ya 1967 mume hakuweza tena kumwacha mkewe kwa neno la mdomo wake tu, bali ilimpasa kufika mbele ya mahakama. Mabadiliko ya namna hiyo Parsa aliyapigania tangu alipokuwa mbunge.

Lakini serikali aliyoitumikia haikuwa safi. Mfalme hakuvumilia kupingwa. Polisi wake wa siri, waliojulikana kwa jina la Savak, waliwafunga watu na kuwatesa. Fedha za mafuta ziliwatajirisha wakubwa wa Teheran, huku wengi waliohama vijiji wakikaa katika vibanda pembeni mwa mji. Waziri hawezi kusema kwamba hayo hayamhusu kabisa. Hata hivyo, kosa la serikali ni jambo moja, na kosa la mtu mmoja lililothibitishwa mbele ya hakimu ni jambo jingine.

Jambo moja lashangaza. Katika miaka ile wizara ya elimu iliwatumia mashehe kuandika vitabu vya dini vya shule. Wawili kati yao walikuwa Mohammad Beheshti na Mohammad-Javad Bahonar. Mfalme alipoikimbia nchi Januari 1979, na Khomeini akatwaa utawala, hao wawili wakawa wakubwa wa serikali mpya.

Hoveyda aliuawa Aprili 1979. Parsa alikamatwa mwanzoni mwa 1980. Alikuwa mwanamke mzee kidogo, aliyekwisha kuacha kazi ya serikali. Mahakama ya mapinduzi ilimshitaki kuiba mali ya umma na kueneza uasherati katika wizara ya elimu. Hakuwa na wakili wa kumtetea, wala hakupewa nafasi ya kukata rufani. Mkuu wa mahakama kuu ya nchi wakati ule alikuwa Beheshti.

Kutoka gerezani aliwaandikia watoto wake barua. Aliwaambia kwamba yeye ni daktari, kwa hiyo haogopi kufa, maana kufa ni kitambo kidogo tu. Alisema hatajutia miaka yote aliyotaka mwanamke awe sawa na mwanamume, wala hatajivika vazi la kujifunika ili apate kuishi. Aliuawa tarehe 8 Mei 1980, akiwa na umri wa miaka 58.

Beheshti na Bahonar wenyewe waliuawa kwa mabomu mwaka 1981, mmoja Juni na mwingine Agosti. Bahonar alikuwa amekuwa waziri wa elimu, kisha waziri mkuu.

Miaka 30 ilipita tangu mapinduzi kabla ya mwanamke kupewa tena wizara katika Iran. Huyo ni Marzieh Vahid-Dastjerdi, aliyefanywa waziri wa afya mwaka 2009. Naye pia ni daktari.