Mlima Mweusi wa Lubumbashi na Simu Mbovu za Lewisham

Jumamosi moja nilimkuta mwanangu wa miaka 15 jikoni kwetu hapa Lewisham, amepanga mezani simu zote mbovu za nyumba hii. Alikuwa ameona video ya mtu anayetoa dhahabu kwenye simu kwa asidi. "Mama, kuna pesa humu!" Asidi alikuwa bado hajanunua. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaketi.

Sikutaka kumkemea tu, maana alichosema ni kweli. Wenzangu wa Lubumbashi mnaujua ule mlima mweusi kando ya bomba refu la moshi. Tanuru lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, enzi za Union Minière, na mabaki yakamwagwa pembeni miaka nenda miaka rudi. Wahunzi wa zamani waliyaita mabaki ya namna hiyo mavi ya chuma. Marehemu baba, aliyefanya kazi tanuruni, alituambia ni uchafu.

Lakini moto ule haukuchukua kila kitu. Ndani ya mawe hayo zilibaki kobalti, zinki, shaba kidogo, na jemaniamu, inayotiwa kwenye kioo cha nyaya za mkongo wa intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tanuru la umeme lilianza kuyeyusha mlima upya, na mchanganyiko wa kobalti na shaba ukasafirishwa hadi Finland kusafishwa. Mwaka 2023 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, ilizindua kiwanda cha kutenganisha madini kwa asidi palepale Lubumbashi.

Kazi yenyewe nilimfananishia na chai: unasaga, unaloweka, kinachotakiwa kinatoka, makapi yanabaki. Ila hapa maji ni asidi ya salfuriki, na birika ni matangi yanayokorogwa saa nyingi. Mabaki ya shaba yana silika nyingi. Yakiingizwa kwenye asidi kwa pupa, silika huganda kama uji uliopoa na kuziba vichujio. Chokaa hutiwa ili chuma kitulie chini. Shaba hunaswa kwa umeme, kobalti hushushwa kama unga. Jemaniamu ina njia yake: tanuruni hutoka na moshi, vumbi lake hukusanywa, ndipo huloweshwa.

Mwaka 2024 shehena ya kwanza ya jemaniamu ilikwenda Ubelgiji kwa Umicore, jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Nilicheka peke yangu. Nafurahi sehemu ya kazi imebaki nyumbani, ila usafishaji wa mwisho bado uko Ulaya.

"Kwa hiyo babu alikuwa anatupa pesa?"

"Babu alitupa alichoambiwa atupe."

Kisha nikamweleza ambacho video haikusema. Asidi ya naitriki ikigusa shaba hutoa moshi wa rangi ya kahawia, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati umeshajiona mzima. Betri ikitobolewa huwaka. Kiwandani kuna mitambo ya kufyonza moshi. Jikoni kwetu kuna dirisha moja, nalo hukwama.

Mchana tulizipeleka simu 9 kwenye kituo cha kurejeleza taka cha Landmann Way. Njiani akauliza mlima umebaki kiasi gani. Nikampigia kaka yangu mkubwa Lubumbashi. Akasema tusubiri, akatoka nje kutazama.