Tupunguze Mateso ya Wanyama kwa Kadiri ya Uwezo Wetu

Katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, ni jambo la kawaida kuona kuku wakiletwa kwa baiskeli na pikipiki, wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini. Wako wasemao kwamba kuku wa kuchinjwa hahitaji huruma. Lakini kuchinjwa ni jambo moja, na kuteswa njia nzima ni jambo jingine.

Hatumwambii mkulima aache kula nyama, wala amwachilie punda wake aende zake. Lililo wajibu wetu ni kupunguza maumivu tunayoweza kuyapunguza; tuanze na moja, kisha tuongeze la pili.

Na tuanze na kuku. Kuku hana ule msuli ulio chini ya mapafu ambao hutusaidia sisi wanadamu kuvuta pumzi. Akiinamishwa kichwa chini, matumbo yake huelemea viungo vyake vya kupumulia, naye hupumua kwa shida. Tenga la fito humwondolea taabu hiyo. Mwenye kuku mmoja, asiye na tenga, na ambebe wima kwapani. Hilo halina gharama hata senti moja. Vilevile, kuku aliyechinjwa asitiwe katika maji ya moto kabla hajakata roho.

Punda naye ana haki yake. Nira imefanywa kwa ajili ya ng'ombe mwenye nundu. Punda hana nundu, kwa hiyo nira humchubua shingo. Yafaa afungwe ukanda mpana wa kifuani, na mahali panaposugua pawekwe kitambaa laini kilicho safi. Tena punda huhitaji maji ya kunywa, yapata lita 10 hadi 25 kwa siku. Ni aibu iliyoje mnyama kukokota mapipa ya maji tangu asubuhi, na yeye mwenyewe ana kiu! Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwisha mzigo kupita kiasi.

Wavuvi wa Dunga na pwani nyingine za ziwa wanamjua kamongo. Samaki huyu ana mapafu na huvuta hewa kama sisi. Kwa sababu hiyo hafi upesi kama ngege akitolewa majini, bali huweza kukaa hai kwa saa nyingi. Basi mvuvi asimpasue akiwa hai. Kwanza ampige rungu kichwani, kwa nguvu na mara moja.

Huenda karani asomaye maneno haya akasema kwamba hayamhusu, maana hana punda wala mtumbwi. Lakini yeye ndiye mnunuzi. Akichagua kununua kwa mchuuzi mwenye tenga, au akija sokoni na kikapu chake, wachuuzi wengine wataona faida na kufuata.

Asiyeweza kununua ukanda mwezi huu anaweza kumpa punda wake ndoo ya maji leo. Asiache hilo dogo kwa sababu kubwa limemshinda, kwani punda mwenye kiu hangoji mpaka bwana wake akamilike. Haba na haba hujaza kibaba.