Arusha, Mji Unaopima Maneno

Mwishoni mwa Juni 1994, msafara wa magari ulipita katika barabara inayounganisha Kivumu na Kayove, kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Gari moja lilikuwa na vipaza sauti, na sauti iliyotoka humo ilijulikana nchi nzima. Ilikuwa ya Simon Bikindi, mtunzi na mwimbaji, kiongozi wa kikundi cha Irindiro. Siku hiyo hakuimba. Aliwahimiza Wahutu wainuke wawamalize Watutsi, na msafara uliporudi aliwauliza watu kama wamekwisha kuwaua, akiwaita Watutsi nyoka.

Desemba 2008, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Waendesha mashtaka walitaka atiwe hatiani kwa nyimbo zake pia. Majaji walikubali kwamba nyimbo hizo zilipalilia chuki ya kikabila na kwamba redio ilizitumia katika kampeni ya mauaji, lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga kwa nia ya kuangamiza watu, wala kwamba yeye ndiye aliyezipeleka hewani. Kilichomfunga ni maneno ya barabarani.

Mtu aliyepoteza ndugu zake katika zile siku mia moja za mauaji ya kimbari anaweza kuiona hukumu hiyo kuwa ndogo mno. Hata hivyo inafundisha jambo ambalo mijadala mingi ya uhuru wa kujieleza hulikosa. Majaji hawakuuliza tu kama maneno yalikuwa mabaya. Waliuliza yalisemwa wapi, kwa nani, kwa nia gani, na nini kilikuwa kikitokea yaliposemwa.

Kwenye karatasi, uhuru huu ni wa kila mtu. Ibara ya 19 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, inampa kila binadamu haki ya kuwa na maoni na ya kutafuta, kupokea na kueneza habari bila kujali mipaka ya nchi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 uliongeza masharti. Serikali inaweza kuwekea maneno mipaka ili kulinda haki na sifa za watu wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya jamii, ilimradi mipaka hiyo iwe imeandikwa katika sheria na iwe ya lazima kweli. Neno "lazima" ndilo linalobishaniwa hadi leo, kwa sababu kila nchi hulisoma kupitia kidonda chake.

Mwaka 1977, kikundi kidogo cha Wanazi wa Marekani kilitaka kuandamana Skokie, kitongoji cha jirani na Chicago walikoishi manusura wengi wa maangamizi ya Wayahudi. Mtu aliyetoka kambi ya mauti akiwa hai angesimama dirishani aione ile ile alama ya swastika ikipita barabarani kwake. Mji ulikwenda mahakamani kuzuia maandamano. Shirika la kutetea uhuru wa raia, ACLU, liliwatetea Wanazi hao, na wakili wake David Goldberger alikuwa mwenyewe Myahudi. Shirika lilipoteza wanachama wengi kwa uamuzi huo, lakini lilishinda kesi. Mwishowe kikundi hakikwenda Skokie, kikafanya mkutano wake Chicago mwaka 1978.

Nchini Ujerumani kesi kama hiyo isingefika popote. Kubeba swastika kama alama ya kisiasa ni jinai huko. Kukanusha hadharani kwamba Wayahudi waliangamizwa kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Wajerumani waliona Wanazi wakitumia uhuru wa Jamhuri ya Weimar kujijenga, kisha wakauzika uhuru huohuo. Wamarekani wamebeba hofu nyingine, ya serikali inayojipa kazi ya kuchagua maneno ya raia. Marekebisho ya Kwanza ya katiba yao, ya mwaka 1791, yanalikataza Bunge kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema, na mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta hukumu ya kiongozi wa Ku Klux Klan huko Ohio. Ilisema serikali haiwezi kuadhibu uhamasishaji wa aina hiyo ila pale unapolenga kuzusha uvunjaji wa sheria papo hapo na kuna uwezekano wa kweli wa jambo hilo kutokea.

Hata kwa kipimo hicho, ambacho ni miongoni mwa vilivyo vilegevu zaidi duniani, Bikindi angepata shida kupona. Alisema na umati wakati mauaji yanaendelea.

Kabla ya kesi yake, mahakama hiyo ya Arusha ilikuwa imewahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na kuanzisha redio ya RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipiga muziki mzuri, ilitania, iliongea lugha ya vijana, na iliwaita Watutsi mende. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipo. Mwaka 2007 majaji wa rufaa waliweka mstari ulioshangaza wengi: matangazo ya baada ya tarehe hiyo yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, ila yale ya kabla yake, pamoja na chuki yote iliyomo, hayakuthibitika kuwa hivyo. Adhabu za watu hao watatu zilipunguzwa, zikawa miaka 30, 32 na 35.

Uchochezi. Neno hili la Kiswahili linatoka jikoni. Kuchochea ni kusogeza kuni ndani ya mafiga ili moto uwake zaidi. Redio ya Kigali ilifanya hasa hivyo. Tatizo ni kwamba sheria za Afrika Mashariki zimelitumia neno hilohilo kwa jambo jingine kabisa, yaani kuwafanya wananchi waichukie au waidharau serikali. Mwalimu anayeandika gazetini kwamba waziri ameshindwa kazi na mtangazaji anayetaja nyumba za kuchomwa wanajikuta chini ya jina moja. Sheria ya aina hiyo tuliachiwa na mkoloni, na Uingereza yenyewe ilikwisha kuifuta kwake mwaka 2009. Kenya ilikuwa imetangulia kuiondoa mwaka 1997. Uganda iliiondoa kupitia Mahakama ya Katiba mwaka 2010, katika kesi ya mwandishi Andrew Mwenda, aliyeshtakiwa kwa aliyoyasema redioni kuhusu ajali ya helikopta iliyomuua kiongozi wa Sudan Kusini, John Garang, mwaka 2005.

Tanzania ilikwenda njia tofauti. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilibeba kosa la uchochezi kwa maana ile ya zamani. Baraza la Habari Tanzania na watetezi wengine wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, na tarehe 28 Machi 2019 majaji wakasema vifungu vingi vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sababu kuu ni kwamba vimeandikwa kwa maneno mapana kiasi kwamba mwandishi hawezi kujua mapema lini amevunja sheria. Miaka minne kabla, Mei 2015, mahakama hiyohiyo ilikuwa imekosoa sehemu za sheria ya magazeti ya Burundi. Bunge la Tanzania liliirekebisha sheria yake mwaka 2023 na kuipunguza makali.

Mahakama ya tatu ya mji huo, ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ilipata mtihani wake kutoka mbali zaidi. Lohé Issa Konaté alikuwa mhariri wa gazeti la L'Ouragan nchini Burkina Faso. Mwaka 2012 gazeti lake lilichapisha makala kuhusu biashara ya noti bandia, yakimtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali kuhusika nayo. Oktoba mwaka huo Konaté alihukumiwa miezi 12 jela kwa kashfa, akatozwa faini na fidia nzito, na gazeti likafungiwa miezi 6. Alikitumikia kifungo chake.

Tarehe 5 Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ilitoa uamuzi kwamba jela si adhabu halali kwa kosa la kashfa. Majaji waliacha mlango mdogo wa kifungo, kwa maneno yanayochochea makosa ya kimataifa, chuki, ubaguzi au vurugu dhidi ya kundi la watu. Ukiiweka hukumu hiyo kando ya ile ya RTLM, hazipingani hata kidogo. Kipaza sauti cha Kayove kinaangukia ndani ya mlango ule mdogo, na hasira ya mwendesha mashtaka aliyeandikwa vibaya inabaki nje. Sifa yake ina thamani, na anaweza kudai fidia. Lakini hakuna aliyekuwa hatarini kuchinjwa kwa sababu ya makala ya L'Ouragan.

Kenya iliusoma mstari huo kati ya uchochezi na kashfa kwa gharama yake yenyewe. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki. Ujumbe wa chuki ulizagaa katika simu, na baadhi ya redio za lugha za mama zilinyooshewa kidole. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ambako kesi yake ilikatishwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Ghasia zilipopamba moto serikali ilifikiria kuzima huduma ya ujumbe mfupi. Badala yake Safaricom iliwatumia wateja wake ujumbe wa kuomba amani, njia ambayo inastahili kukumbukwa kila serikali inapokimbilia kuzima intaneti siku ya uchaguzi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaliandika funzo hilo waziwazi. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, kisha inasema haulindi propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Na Februari 2017 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikafuta kosa la jinai la kashfa, katika shauri la watu walioshtakiwa kwa waliyoyaweka Facebook. Kwa hiyo katika nchi moja, kwa katiba moja, matusi ya kikabila yanaweza kumfunga mtu na maneno ya kumvunjia mtu heshima yanabaki shauri la madai. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na wanasiasa wengi walioshtakiwa kwa matamshi ya chuki wametoka mahakamani wakitabasamu. Lakini mstari wenyewe umechorwa mahali panapofaa.

Kwingine mipaka mikali zaidi humlinda aliye juu. Thailand humfunga anayemtusi mfalme kati ya miaka 3 na 15, na kila kosa huhesabiwa peke yake. Baadhi ya nchi za Ulaya nazo zilikuwa na sheria za namna hiyo hadi juzijuzi: Ufaransa ilifuta kosa la kumkashifu rais mwaka 2013, baada ya Mahakama ya Ulaya kumpa haki raia aliyeinua bango la kumtusi Nicolas Sarkozy, na Ujerumani ikaondoa kosa la kumtusi kiongozi wa nchi ya nje mwaka 2018, baada ya mchekeshaji Jan Böhmermann kusoma shairi la kumkejeli Rais Erdoğan kwenye televisheni.

Kesi ngumu kuliko zote ni ile ambayo kidonda cha kweli kinageuzwa ngao ya watawala. Victoire Ingabire, mwanasiasa wa upinzani, alirudi Rwanda Januari 2010, na katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi akasema Wahutu waliouawa nao wakumbukwe. Alikamatwa, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikamfunga miaka 15 kwa njama dhidi ya serikali na kwa kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari. Novemba 2017 Mahakama ya Afrika, alikofungua kesi, ilikubali kwamba Rwanda, kwa yaliyoipata, ina haki ya kuwa na sheria dhidi ya wanaokanusha mauaji hayo. Ila kwa maneno yale aliyoyasema, mahakama iliona uhuru wake ulivunjwa. Alisamehewa na Rais Kagame Septemba 2018, bila hukumu yenyewe kufutwa.

Rwanda haikungoja kusikia uamuzi huo. Mwaka 2016, kesi ikiwa bado inaendelea, iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Novemba 2019 Tanzania, nchi mwenyeji, ikafanya vivyo hivyo, na mwaka mmoja baadaye uamuzi huo ukaanza kufanya kazi. Mhariri kutoka Ouagadougou aliweza kufungua kesi Arusha na kushinda. Mhariri anayeishi Arusha kwenyewe, mwendo wa daladala moja kutoka mahakama hiyo, hawezi tena. Amebakiwa na Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo bado inampokea mwananchi wa kawaida wa nchi zote za Jumuiya, lakini kwa sharti moja: awe amefungua shauri ndani ya miezi miwili tangu sheria anayoilalamikia itungwe, au tangu alipojua juu yake.