Mboga safi huanzia kwenye mkutano

Unaponunua mchicha au nyanya sokoni bila shaka huzigeuza-geuza kwanza kuona kama zimeoza au zimetobolewa na wadudu. Ni jambo jema. Lakini yapo mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona. Maji yaliyomwagiliwa mboga hizo yalitoka wapi? Dawa ya wadudu ilipulizwa siku ngapi kabla ya kuvunwa? Na yule aliyezivuna, je, alikuwa na choo cha kwenda, au alijisaidia kando ya mfereji? Pale ambapo watu wanalima pamoja, mambo haya hayaamuliwi na mkulima mmoja. Huamuliwa na kikundi, na kikundi kikiwa hovyo mboga nazo huwa hovyo.

Tuchukue mfano wa Njukini, kaskazini mwa mji wa Taveta, katika kaunti ya Taita Taveta. Mvua ya sehemu hizi ni ya kubahatisha, lakini Mlima Kilimanjaro uko karibu na maji yake hububujika katika chemchemi kadhaa, Njukini ikiwa mojawapo, pamoja na Njoro, Kitobo na Lemonya. Mto Lumi nao hushuka kutoka mlimani hadi Ziwa Jipe. Ndiyo maana eneo linalopakana na nyika ya Tsavo hutoa ndizi, nyanya na vitunguu vinavyoliwa Voi na Mombasa. Mahali kama hapa mtu hawezi kulima peke yake hata akitaka. Maji ni ya wote, na ukiyafunga juu, jirani wa chini anakauka.

Bustani ya pamoja ina pande mbili. Matuta ni ya mtu binafsi: kila mwanachama ana kipande chake, analima anachotaka na kuvuna mwenyewe. Lakini maji, njia, ua, choo na jina la kikundi ni vya wote. Ugomvi karibu wote huzuka pale vya mtu vinapokutana na vya wote.

Wazee wa eneo hili walilijua hilo kabla ya serikali yoyote kuandika sheria. Wachaga wa mlimani walichimba mifereji, wakaiita mifongo, na kila mmoja ulikuwa na mzee wake na watumiaji wake. Asiyetokea siku ya kuzoa tope alitozwa faini au kunyimwa maji. Katika milima ya Taita pia watu walikuwa na mifereji yao na kupangiana zamu. Mtafiti Patrick Fleuret aliandika juu ya utaratibu huo mwaka 1985. Mbali na hapa, katika mji wa Leipzig, Ujerumani, chama cha wazazi kilianzishwa katika miaka ya 1860 na kupewa jina la daktari, Moritz Schreber, aliyekuwa akihubiri kwamba watoto wa mjini wanahitaji hewa na mazoezi. Uwanja wao wa michezo ukawa bustani, na bustani zikagawanywa vipande. Hadi leo sheria ya Ujerumani ya mwaka 1983 inasema kipande kisizidi mita mraba 400. Kumbe hata huko jambo lilianza na afya, likaishia kwenye vipimo na kanuni!

Turudi kwenye mfereji. Maji yanayosimama au kwenda polepole katikati ya majani ndiyo makao ya konokono wanaobeba kichocho, na Taveta ni miongoni mwa sehemu ambazo watafiti wamekichunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi. Mtu mwenye kichocho akijisaidia karibu na maji, mayai huingia majini, huanguliwa, vijidudu vyake huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu yeyote aliyetumbukiza miguu. Mara nyingi ni mtoto aliyetumwa kufungulia maji. Dawa ya prazikwanteli huponya, lakini aliyetibiwa akirudi kwenye mfereji uleule ataambukizwa tena. Kwa hiyo siku ya kufyeka majani na kuzoa tope si ya kupata maji mengi tu. Ni siku ya afya, na choo cha bustani kingefaa kuchimbwa kabla ya tuta la kwanza kulimwa, mbali na maji na mahali ambapo mvua haitakibomoa.

Wenyeji wa Taveta wana kumbukumbu nyingine ya namna hii. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Taveta na za Upare, ng'ambo ya mpaka, zilipulizwa dawa ya dildrini katika mpango mkubwa wa kupambana na malaria. Mbu walipungua sana na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Mpango ukaisha, wapulizaji wakaenda zao, na polepole malaria ikarejea. Dildrini yenyewe baadaye ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Stockholm mwaka 2001. Kazi inayofanywa na wageni huisha na wageni. Mfereji unaosafishwa na wenyewe kila mwezi hauna siku ya kufungwa kwa mradi.

Dawa za shambani ni jambo gumu zaidi, kwa sababu hapa rafiki anaweza kumdhuru rafiki bila kukusudia. Wewe unataka kuvuna mchicha kesho. Jirani anapuliza nyanya zake leo na upepo unavuma upande wako. Kila dawa ina idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, nayo imeandikwa kwenye kibandiko, lakini siku hizo hazimsaidii mtu asiyejua kwamba tuta lake limeguswa. Kikundi chenye akili huwa na siku maalumu ya kupuliza, tena asubuhi wakati upepo umetulia, na daftari linaloonyesha nani alipuliza nini, tuta gani, na lini panaruhusiwa kuvunwa. Pampu haioshwi mfereji ambao wengine wanachota maji. Kopo tupu la dawa halipelekwi nyumbani kuwekea mafuta wala maji, hata lisuguliwe vipi.

Kuhusu fedha tutasema kwa kifupi, maana wahenga wamekwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari. Mweka hazina asiweke fedha chini ya godoro. Siku hizi kuna mtego mpya: michango kutumwa kwa simu ya mtu binafsi. Simu ikipotea, au mwenyewe akifariki, wanachama hubaki wakishika vichwa. Akaunti iwe ya jina la kikundi, na wanaotia sahihi wawe watatu wasio wa nyumba moja. Wakaguzi wa hesabu wasiwe viongozi. Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na katiba yake. Kwa upande wa maji, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo kazi yake mojawapo ni kusuluhisha migogoro, na kibali cha kuchukua maji hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kikundi kisicho na kibali kinaweza kuamka siku moja mlango wa mfereji umefungwa.

Ardhi nayo? Taveta ni nchi ya mashamba makubwa ya mkonge tangu enzi za Mwingereza Ewart Grogan, na familia nyingi zimeishi miaka mingi bila hati. Bustani nyingi za pamoja mahali popote hukaa juu ya ardhi ya kuazimwa: ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya mzee mmoja mwenye moyo mzuri. Mzee huyo akifa, wanawe huenda wasiwe na moyo kama wake. Ruhusa iandikwe, itaje miaka, na itaje kwamba mazao yaliyomo shambani yavunwe kwanza hata kama ruhusa imekwisha.

Katika katiba za vikundi, kifungu ambacho mwandishi hukiogopa kuliko vyote ni kile kinachosema: asiyehudhuria kazi mara tatu atanyang'anywa kipande. Kwa nje kinaonekana cha haki. Lakini ni nani anayekosa mara tatu? Mvivu, ndiyo. Pia mama aliyejifungua juzi, mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa, na mzee anayemuuguza mkewe. Hao ndio ambao nyumba zao zinahitaji mboga kuliko za wengine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Tuta likinyang'anywa, sufuria ya nyumba hiyo hurudi kwenye ugali na chumvi. Iandikwe basi kwamba mgonjwa au mzazi anaweza kuweka mtu badala yake, na akikosa mtu, tuta lake linamwagiliwa kwa zamu na wenzake kwa muda uliokubaliwa. Iandikwe pia kwamba mwanachama akifariki, tuta linaendelea na mjane wake au watoto wake bila kulipa kiingilio upya. Na jina la mama alimaye lisiachwe nje ya rejista kwa sababu mume ndiye aliyetoa ada.

Faini yenyewe, kwa maoni yetu, ni bora ilipwe kwa jembe kuliko kwa shilingi. Faini ya fedha huwapendeza viongozi mno.

Haya si ya Njukini peke yake. Wewe unayeishi Voi, Changamwe au Kibera, ambako bustani za magunia zilisambaa tangu mwaka 2008, huenda jirani amekualika ujiunge na kikundi cha mboga. Nenda ukaone kabla ya kutoa fedha. Uliza maji yanatoka wapi, kwa sababu mjini mfereji unaopita nyuma ya nyumba mara nyingi ni wa maji taka, na mboga yake haifai hata ikinawiri namna gani. Kitafute choo, ukiangalie kama kina maji ya kunawa na sabuni. Kisha omba kuonyeshwa daftari la dawa na la fedha. Ukijibiwa kwamba yako nyumbani kwa katibu, na katibu amesafiri, kaa na kiingilio chako mpaka arudi.