Kumtafuta Babu Katika Vitabu vya Unguja

Ziko jamaa nyingi za Kikristo huko Bagamoyo, Mhonda na Mandera ambazo zikiulizwa asili yao hujibu: "Wazee wetu waliletwa na mapadre kutoka Unguja." Na kabla ya hapo? Kimya. Babu alifika angali mtoto, jina la kwao akalisahau; bwana wake alimwita Mabruki, kisha akapewa jina la ubatizo. Si aibu kutojua, ila inachoma moyo, hasa wajukuu wanapouliza.

Basi, ndugu msomaji, pengine kimya hicho kina karatasi yake. Desemba 1860 padre Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre wawili na masista sita. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaishika kazi hiyo, na mwaka 1868 wakaanza misioni ya Bagamoyo, ambako walilelewa watoto waliotolewa utumwani. Mtu wa namna hiyo huenda aliandikwa mara mbili: na serikali, na Kanisa.

Anzeni kwa Kanisa, maana ni karibu. Kitabu cha ubatizo kimeandikwa kwa Kilatini, lakini majina na tarehe hazihitaji mkalimani. Mwendeeni padre siku ya kazi. Jumapili baada ya Misa amezungukwa na watu hamsini, kila mmoja na shida yake.

Vitabu vya serikali viko Zanzibar, katika Nyaraka za Taifa, zilizoanzishwa mwaka 1956. Humo mna barua za Balozi wa Kiingereza wa zamani, hati za Kiarabu za masultani, na daftari za watumwa walioachwa huru. Daftari hizo mara nyingi hutaja jina, kabila, umri na jina la bwana. Amri ya mwaka 1897 ilimpa mtumwa ruhusa ya kudai uhuru wake mahakamani, na serikali ikamlipa bwana fidia. Penye fedha ya serikali, karani hakosi kuandika. Ndiyo bahati yetu sisi tunaotafuta.

Sasa habari ya saa, maana hapo ndipo wengi huanguka. Tuseme mtu ametoka Mhonda, amelala Dar es Salaam, akapanda boti ya mwendo wa kama saa mbili, akashuka Malindi siku ya Ijumaa. Anauliza huku na huku katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kumbe Nyaraka haziko huko. Ziko Kilimani, kupita Mnazi Mmoja. Akifika, watu wamekwenda sala ya Ijumaa, na siku ya kazi imekwisha. Jumamosi na Jumapili ofisi hazifanyi kazi. Jumatatu nauli imeliwa na nyumba ya wageni.

Kwa hiyo fikeni Jumapili. Misa ipo Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa tangu 1893 hata 1898. Jumatatu asubuhi mapema muwe mlangoni. Lakini kabla ya kuondoka nyumbani, pigeni simu kuuliza saa za kufungua na ruhusa inayotakiwa, kwa kuwa mwezi wa Ramadhani na sikukuu hubadili mambo. Chukueni kitambulisho na penseli. Karibu na karatasi kuukuu wino haupendwi hata kidogo. Msitazamie kupekua rafu wenyewe. Mtachagua katika orodha, mtaandika ombi, na karani ataleta jalada. Asubuhi nzima yaweza kupita juu ya kitabu kimoja, tena bila kumwona babu.

Majina nayo yasomeni kwa sauti. Karani Mwingereza aliandika alivyosikia: Feruzi huenda akawa Ferooz, na Juma akawa Jooma. Mkimpata, nakilini mstari wote pamoja na namba ya jalada, ili ndugu atakayekuja mwakani asianze tena mlangoni.